Mtoto Ombaomba: Tumpe Shilingi au Tusimpe?

Msomaji mpendwa, kama ulihudhuria mjadala wa chama chetu muhula wa pili, bila shaka unakumbuka vile ukumbi ulivyochemka. Hoja ilikuwa hii: "Kuwapa watoto ombaomba pesa kuna madhara kuliko manufaa." Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande ulioiunga mkono. Tuliwashinda wapinzani kwa kura kumi na moja, tukapigiwa makofi, na mwenyekiti akanikabidhi kalamu ya wino kuwa zawadi. Kalamu hiyo ndiyo ninayoandikia makala haya. Lakini wenzangu msishangae mkiona kwamba baadhi ya niliyoyanena siku ile kwa kifua kipana sasa nimeyameza.

Kabla ya kufika huko, tutazame maneno yenyewe, maana huu ni ukurasa wa Chama cha Kiswahili na mwalimu mlezi hatanisamehe nikiruka hapo. Neno "ombaomba" limeundwa kwa kurudia kitenzi. Lugha yetu hufanya hivyo inapotaka kuonyesha kitendo kinachofanywa tena na tena: rukaruka, chekacheka, tangatanga. Mtu aliyeibiwa nauli akakuomba shilingi hamsini afike kwake ni mwombaji tu. Kesho hutamwona. Ombaomba ni yule ambaye kuomba ndiyo siku yake. Huamka nako na kulala nako. Kwa hivyo tukisema "mtoto ombaomba" tumesema jambo zito. Tumesema kuna mtoto ambaye ameshapata kazi kabla hajang'oka meno ya utotoni.

Neno la pili ni "chokoraa", ambalo wengi wetu hulitumia kama tusi. Linatukumbusha kitenzi kuchokora, yaani kuchimbuachimbua kwa kijiti, na kila aliyewaona watoto wa mitaani wakipekua jaa la taka ataelewa kwa nini neno hili liliwaganda. Mimi sitalitumia tena katika makala haya. Nimekutana na mmoja wao aliyeniomba nisilitumie, na habari zake zinakuja.

Katika mjadala wapinzani wetu walitegemea sana methali moja: "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Niliwajibu kwamba methali hiyo inamzungumzia mtoaji. Inatuambia hata maskini anaweza kutoa. Haisemi lolote juu ya kile kinachompata mpokeaji baada ya mtoaji kwenda zake. Nilishangiliwa, na hata leo naona jibu lile lilikuwa sawa. Ila nilikuwa bado sijakutana na mpokeaji.

Basi siku tuliyofunga shule mwezi wa Agosti nilikuwa steji ya magari pale Nakuru, nimekaa dirishani nikingoja matatu ijae. Si mnajua magari ya kwenda kwetu, kujaza abiria kumi na wanne ni kazi ya saa nzima. Akaja msichana wa miaka saba hivi, amemshika mkono mvulana mdogo mwenye kamasi mpaka mdomoni. Akasema, "Anko, nisaidie ya mkate." Mimi, na sare yangu na sanduku langu la bati, leo naitwa anko! Nilikuwa nimebaki na shilingi ishirini baada ya kulipa nauli. Nikaikumbuka hotuba yangu yote, kutoka salamu kwa majaji hadi hitimisho. Kisha nikampa ile ishirini.

Naam, msemaji wa kwanza alishindwa na mtoto aliyesema maneno manne.

Kwa kuwa gari lilikuwa bado halijajaa, niliwafuata kwa macho. Walivuka barabara hadi kwenye kibanda cha fundi viatu. Hapo palikuwa na mwanamke ameketi juu ya gunia, na mtoto mchanga mgongoni. Msichana akampa sarafu, mwanamke akaifunga kwenye pindo la leso, na watoto wakarudi upande wetu kuanza upya. Sikuwa na la kufanya, nikaanza kuhesabu. Kwa muda wa dakika arobaini hivi watu sita walitoa. Mmoja alikuwa mama aliyevaa kitambaa cha kanisa, mwingine mzee mwenye gazeti, na mwingine (huwezi kuamini) makanga, yule yule aliyekuwa akiwafukuza watoto wengine kwa kelele. Kwa kukisia tu, dada yule alikuwa amepeleka ng'ambo ya barabara shilingi tisini au mia moja. Mkate sikuuona.

Hili ndilo jambo la kwanza linalotupasa kujua. Pesa tunayoiweka katika kiganja cha mtoto haikai humo. Mtoto wa miaka saba hana mfuko, hana sanduku, hana namna ya kuilinda. Itakwenda kwa mzazi, au kwa vijana wakubwa wanaotawala kona ile, au kwa mtu mbaya zaidi ya hao. Mwaka 2022 BBC ilitoa filamu ya uchunguzi iliyoonyesha jinsi watoto wenye ulemavu walivyochukuliwa Tanzania kwa ahadi tamu, wakaletwa Nairobi na kuwekwa barabarani waombe. Pesa zote zilikwenda kwa watu waliowaleta. Wapita njia walioguswa na viti vile vya magurudumu wakatoa, walidhani wanamsaidia mtoto, kumbe walikuwa wakimlipa mwizi wake. Kiswahili kina kitenzi kinachofaa hapa. Mtoto wa namna ile haombi, anaombeshwa. Na sisi tulio dirishani mwa gari hatuna miwani ya kutuonyesha nani anaomba na nani anaombeshwa.

Kwa mtoto anayeombeshwa hakuna mjadala. Kila shilingi inamfanya awe mali ya thamani zaidi kwa anayemmiliki. Hapo nasimama pale pale niliposimama ukumbini.

Ugumu ni kwa wengine, kama yule msichana wa steji, ambaye mwenye leso alikuwa mamake mzazi. Nilijuaje? Ngojeni.

Likizo ile nilitumwa mjini mara tatu kununua vitu vya nyumbani. Mara ya kwanza, pale sokoni, kijana wa rika langu aliniomba anibebee gunia la viazi hadi steji. Miguu yake ilikuwa ndani ya viatu viwili visivyofanana. Tulipatana shilingi hamsini. Tulipofika nilimnunulia chai na mandazi mawili kwenye kibanda, kwa sababu nilitaka kumuuliza maswali, na nilijua mtu mwenye njaa hapendi maswali. Niliyoyasikia ni haya.

Alianza kuomba akiwa mdogo sana, hakumbuki mwaka. Siku hizo, alisema, mambo yalikuwa mazuri. "Nilikuwa nasimama tu hivi, naangalia mtu, ananipa. Wamama wengine walikuwa wananinunulia hadi chips." Halafu akaanza kurefuka. Sauti ikawa nzito. Na mikono ya watu ikaanza kujikunja. "Sasa nikiomba naambiwa nenda utafute kazi, wewe ni mkubwa. Nikienda kutafuta kazi naambiwa toka hapa, wewe ni mwizi. Braza, hebu niambie, nilikuwa nijifunze kazi lini?"

Sikuwa na jibu. Nilitazama chai yangu.

Msomaji, katika hotuba yangu nilikuwa na hoja saba, na hii haikuwamo, ilhali sasa naiona ndiyo kubwa kuliko zote. Kuomba ni kazi ya ajabu. Katika kazi nyingine yoyote, fundi akikaa miaka saba ujira wake hupanda, maana ameujua ufundi. Seremala, dereva, hata mshona viatu wa kibandani. Lakini mtoto ombaomba hulipwa kwa sababu ya udogo wake, na udogo ni bidhaa inayopungua kila siku hata ukifanya nini. Akiwa na miaka mitano analipwa vizuri. Akiwa na kumi analipwa kidogo. Akiwa na kumi na nne halipwi kitu, anafukuzwa. Tunampa shilingi katika miaka ile ambayo angekuwa akijifunza kusoma, kuhesabu au kushika nyundo, kisha tunaizuia mwaka ule ule ambao hajui lolote. Na baadaye tunashangaa kwamba anapora simu.

Mimi huyu niliyemnywesha chai hakuwa mwizi, angalau hakuonekana kuwa. Alibeba mizigo na kuokota vyuma na chupa za plastiki za kuuza. Lakini kulikuwa na kichupa ndani ya mkono wa sweta yake, na alipokuwa akizungumza alikipandisha puani mara mbili, tatu. Nyote mnakijua kichupa hicho. Ni gundi ya kubandikia viatu, na mvuke wake una kemikali za kuyeyushia, kama vile toluini, ambazo zinapanda moja kwa moja kichwani. Nilimuuliza kwa nini. Akasema usiku huwa hasikii baridi na asubuhi huwa hasikii njaa. Sikumwambia kwamba gundi huharibu ubongo, maana nilihisi anajua, na pia kwa sababu mimi nilikuwa na blanketi mbili nyumbani. Hata hivyo lazima niliseme hapa kwa manufaa ya wale waliouliza katika mjadala kama pesa zetu "kweli" zinanunua gundi. Kichupa hununuliwa kwa sarafu zile zile. Mtoto aliyepata chakula cha moto anaweza kuila njaa yake. Aliyepata sarafu anaweza kuinyamazisha kwa njia ya mkato, na ile njia ya mkato ni rahisi kuliko sahani ya ugali na sukuma wiki.

Ni yeye aliyeniambia kuhusu lile neno. "Niite jina langu," akasema, akanitajia. Silitaji hapa, ila ninalo.

Mtu asidhani shida hii ni ya jana. Mnamo 1973 kasisi mmoja Mholanzi, Arnold Grol, alianzisha Undugu Society jijini Nairobi kwa ajili ya wale vijana waliokuwa wakiwaonyesha madereva mahali pa kuegesha magari ili wapate senti mbili tatu. Mwaka 2003 serikali mpya iliwaondoa watoto wengi katikati ya jiji na kuwapeleka kwenye vituo, na baadhi ya wakubwa wakaingizwa mafunzoni katika Huduma ya Vijana kwa Taifa. Wako walioinuka, na wako waliorudi mitaani. Watu wa mitaani walipohesabiwa mwaka 2018, wakubwa kwa wadogo, nchi nzima ilikuwa na 46,639, na kati yao 15,337 walikuwa Nairobi. Kwa hivyo shilingi zetu za dirishani zimekuwa zikidondoka kwa nusu karne. Kama zingekuwa dawa, mgonjwa angekuwa ameshapona.

Hapa wapinzani wangu watainua mikono, na wana haki. Rafiki yangu mmoja wa kidato cha tatu, ambaye ni Mwislamu kutoka Mombasa, aliniambia baada ya mjadala: "Wewe unazungumza habari za mwaka ujao. Yule mtoto ana njaa leo." Kwao siku ya Ijumaa maskini huketi nje ya misikiti, na mtu hutoka akiwa amebeba sarafu mkononi tayari. Je, apite tu? Nilimwambia sadaka ni njema. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyenikumbusha kwamba zaka imewekewa makundi manane ya watu wanaostahili kupewa. Haitupwi ovyo, mtoaji anatakiwa ajue anampa nani. Tulikubaliana hapo kwa muda. Kisha akarudia, "Lakini ana njaa leo," nami nikanyamaza, kwa sababu hiyo ni hoja isiyojibiwa kwa maneno. Hujibiwa kwa chakula.

Na hivyo ndivyo nilivyofanya mara ya pili nilipotumwa mjini. Nilinunua mandazi matano, moto moto, yamefungwa gazetini, nikaenda kumtafuta yule msichana. Nilijiona nimelitatua fumbo. Nimpe chakula, nisimpe pesa. Njaa iondoke, gundi isinunuliwe, bwana mkubwa wa kona asipate kitu. Akayapokea kwa mikono miwili. Moja akampa mdogo wake, moja akaanza kulila, na matatu akayavusha barabara kumpelekea mwenye leso. Nikavuka nyuma yake.

"Habari ya leo, mama?"

"Mzuri, kijana wangu. Wewe ndiwe uliyenunua hii?"

"Ndiyo, mama."

"Mungu akubariki." Akamega kipande akampa yule wa mgongoni. Halafu akanitazama vizuri, bila hasira, kama mtu anayemweleza mtoto jambo. "Mandazi ni mazuri. Lakini mwenye nyumba hapokei mandazi."

Niliketi. Fundi viatu alinisogezea kigoda. Mama yule akaniambia kwamba hawalali barabarani, wana chumba cha mabati, na kodi ikichelewa wiki moja mlango unafungwa kwa kufuli la mwenye nyumba. Kazi yake ni kufua nguo za watu. Siku akiitwa hupata shilingi mia tatu, akibahatika mia nne. Lakini haitwi kila siku, na akiitwa, wengine hawamtaki akiwa na mtoto mgongoni. "Huyu msichana akikaa hapa mpaka jioni," akasema, na sauti ikashuka, "wakati mwingine analeta kunishinda."

Rudieni sentensi hiyo wenzangu. Mtoto wa miaka saba analeta kumshinda mamake.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilikuwa nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Yeye? Alikuwa amepiga hesabu tu, hesabu ambayo mwalimu wetu wa hisabati angeipa alama zote. Nikajiuliza ni nani aliyepanga bei hizo. Ni sisi. Ni sisi, watu wa mjini na wa mashambani, tunaomwita mama kama yule kufua nguo za familia nzima, na akisema mia nne tunasema mia tatu, tena tunamhesabia sabuni. Halafu tunapanda matatu, binti yake anakuja dirishani, mioyo inalainika, tunatoa ishirini. Mwingine ishirini. Mwingine hamsini. Kwa mkono mmoja tunaipunguza bei ya jasho la mama, kwa mkono mwingine tunaipandisha bei ya macho ya mtoto. Tukishafanya hivyo tunamuuliza kwa nini amemtuma mtoto!

Kwa hivyo bado nasema tusiwape watoto pesa. Lakini sababu yangu imegeuka. Ukumbini nilisema pesa itawafanya wavivu, na niliongeza kichekesho ambacho sasa sitaki kukikumbuka. Yule msichana si mvivu. Alivuka barabara ile yenye malori mara ngapi siku hiyo sijui, huku akimvuta mdogo wake. Tatizo ni kwamba sarafu yetu ni mshahara, na mshahara huamua nani aende kazini. Tukimlipa mtoto, mtoto ndiye atakayepelekwa kazini.

Pesa yenyewe haina sumu. Serikali yetu ilianza mwaka 2004, kwa majaribio, mpango wa kuzipa fedha familia zinazowalea mayatima na watoto walio katika shida, na kiwango chake kimekuwa Sh2,000 kwa mwezi kwa kila familia. Ni pesa taslimu kama ile ishirini yangu. Tofauti ni kwamba hupewa mtu mzima anayemlea mtoto, hupewa nyumbani, na mtoto hahitaji kusimama juani aonekane mnyonge ndipo itoke. Najua si kila anayestahili anaifikia. Mama wa leso aliniambia jina lake halijawahi kuandikwa popote. Lakini wazo lenyewe linaelekea panapofaa.

Sheria nayo tuijue, maana katika mjadala mtu mmoja alisema watoto hawa "wakamatwe". Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, kama ile ya 2001 kabla yake, inamhesabu mtoto anayekutwa akiomba kuwa ni mtoto anayehitaji malezi na ulinzi. Hajahesabiwa kuwa mhalifu. Ukimwona mtoto anayeombeshwa, au aliyepigwa, kuna nambari ya simu 116 ambayo ni ya bure, mchana na usiku. Iandikeni kwenye majalada ya vitabu vyenu. Mimi niliposimama ukumbini sikuijua, na nilikuwa ndiye msemaji wa kwanza.

Wengine wameniuliza, basi wewe sasa unafanya nini mtoto akija dirishani? Swali zuri. Nikiwa na chakula natoa chakula, nikijua hakilipi kodi. Nikiwa sina, namsalimu na kumwambia sina, badala ya kujifanya nasoma gazeti. Kijana mkubwa akitaka kunibebea mzigo nampa kazi na kumlipa bila kumpunja, kwa sababu ile ni kazi na yeye yuko katika umri wa kuifanya. Ile ishirini naiweka. Mwisho wa muhula chama chetu hupitisha kopo, na mwaka huu niliomba yaliyomo yanunue sare na viatu badala ya soda za sherehe ya kufunga mwaka. Mlinizomea kidogo, halafu mkakubali kwa kura tatu zaidi. Ushindi wa kura tatu ni ushindi.

Nyumbani nilimsimulia mama habari hizi jioni, tukimenya vile viazi. Alisikiliza, hakusema kitu. Jumamosi alipokuja dada anayetufulia, akataja bei yake, mama akamlipa yote bila kubishana. Huenda alikuwa na haraka tu ya kwenda harusini. Sikumuuliza.

Nilirudi kwa mama wa leso mara ya tatu, wiki ya mwisho ya likizo. Nilimuuliza kama msichana anasoma. Akasema alianza gredi ya kwanza, akaacha katikati ya mwaka viatu vilipokwisha. Nikamwambia masomo ya shule za msingi za serikali hayana karo tangu Januari 2003. Akacheka. "Karo ndiyo hakuna," akasema. "Hayo mengine yote yako." Akaniahidi kwamba shule zikifunguliwa atarudi, akipata viatu.

Shule zilifunguliwa. Nilipita pale Nakuru siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa na sanduku langu la bati. Lile kopo la chama lilikuwa bado halijapitishwa. Nilikaa dirishani kama kawaida. Nilimwona kabla hajaniona, yupo magari mawili mbele, mkono mmoja juu na mwingine umemshika mdogo wake. Alipofika kwetu alinitambua, akatabasamu, na hakusema ile "anko nisaidie". Alipanda kidogo kwenye ngazi ya mlango, akachungulia magotini mwangu.

"Leo hukuja na mandazi?"

Sikuwa nayo. Nikamwita kwa jina, nikamuuliza habari ya mamake. Akasema ameenda kufua. Makanga akagonga bodi ya gari mara mbili, na tukaondoka.